BUTURA NA DAFTARI LA NYUMBANI

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa na kijana mmoja mratibu wa chama, aliyepata mafunzo ya ualimu, mbele ya wanachama wa Nkwenda, Wilaya ya Kyerwa. Tumeyachapa karibu yote kama alivyoyasema.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu wanachama,

Niliombwa nije niseme juu ya uchumi wa taifa. Nimeona afadhali niseme juu ya uchumi wa nyumba, kwa sababu taifa ni nyumba nyingi zilizokaa pamoja, na nyumba zikiwa na deni hakuna hotuba itakayolifanya taifa litajirike. Tena uchumi wa taifa una wasemaji wengi wenye suti. Huu wa kwetu hauna msemaji. (Kicheko)

Nitasema juu ya butura. Najua neno hili likitajwa hadharani watu huinamisha vichwa, kana kwamba limetajwa tusi. Lakini kila mtu aliyekaa hapa alijua. Mwezi wa pili kahawa ingali maua, au ni punje za kijani ambazo hata ndege hazitaki, naye mwenye shamba anahitaji fedha. Mtoto amechaguliwa kidato cha kwanza, ama mama yuko hospitali, ama mzee amefariki na matanga yanadai chakula. Basi huja bwana mmoja mwenye pikipiki, mpole sana wa maneno, akampa fedha. Hakuna karatasi ya benki wala dhamana ya nyumba. Dhamana ni ile miti. Mwezi wa saba yule bwana hurudi na magunia yake, na upole wake huwa ameuacha njiani.

Sasa tupige hesabu. Bei nitakazozitaja ni za mfano tu, kila mtu aweke zake za msimu wake. Tuseme amekupa shilingi 1,000 kwa kilo moja ya maganda, kilo 200. Umepokea shilingi 200,000. Wakati wa mavuno kilo moja yauzwa shilingi 3,000. Basi umempa kahawa ya shilingi 600,000. Umekopa laki mbili, umelipa laki sita, na muda wenyewe ni miezi mitano. Mtu akikuambia, "Nitakukopesha laki mbili, lakini mwezi wa saba uniletee laki sita," utamfukuza kwa fimbo. Lakini akiyasema yale yale kwa lugha ya kahawa, wamkaribisha, wampa na kiti.

Wako wanaosema kwamba riba ya benki ni kali. Twende na mfano huo huo. Laki mbili kutoka SACCOS, tuseme kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kwa miezi mitano ni shilingi 30,000. Ya butura ni 400,000. Sisemi zaidi, hesabu imesema.

Tena tukumbuke jambo la mwaka 2024. Mwaka ule bei ya robusta katika soko la London ilipanda kupita dola 5,000 kwa tani, kwa kuwa ukame uliipiga Vietnam, nchi inayotoa robusta nyingi kupita nchi yo yote duniani. Neema kama hiyo huja mara chache. Lakini yule aliyekwisha kuuza maua, neema hiyo ilipita juu ya paa la nyumba yake kama wingu lisilonyesha. Kahawa ilikuwa katika miti yake, naye alikuwa mlinzi tu wa mali ya mwingine, mlinzi asiye na mshahara, apaliliaye na kuchuma na kuanika, tena akinyeshewa na mvua.

Ndugu zangu, mambo haya hayakuanza leo. Babu zetu waliijua kahawa kabla Mzungu hajafika kwetu. Waliichemsha na majani yenye harufu nzuri wakaitafuna, na mgeni alipewa kahawa kwanza ndipo akaulizwa habari. Ukoloni ulipokuja na kodi ya fedha, kahawa ikageuka kuwa fedha. Na hapo hapo mkoloni akaweka sheria ya kuzuia Mwafrika asikopeshwe, ile ya mwaka 1931, iliyowafanya wenye maduka na mabenki waogope kumkopesha mtu mweusi kwa njia ya halali. Walidai wanatulinda. Mimi naona mtu aliyefungiwa mlango wa mbele hutafuta tundu nyuma ya nyumba, na katika tundu hilo ndipo wakaapo wanyonyaji.

Wazee wetu walipoona hivyo wakaungana. Mwaka 1950 kikaandikishwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba, na Karagwe ilikuwa ndani yake, maana wakati ule Kyerwa haikuwa wilaya. Ilikuja kugawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012. Serikali ikavifuta vyama vikuu mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka 1990 tukapata chama chetu wenyewe cha Karagwe, KDCU, ambacho wengi wenu ni wanachama kupitia vyama vya msingi. Nayasema haya ili kijana asidhani kwamba ushirika ni ghala la bati tu lenye mzani ulioharibika.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana tukidanganyana hapa, mwenye pikipiki atatucheka. Kwa nini mtu hukimbilia butura na hali ushirika upo? Kwa sababu butura hulipa leo. Mara nyingi chama cha msingi hupokea kahawa, kikakuandikia stakabadhi, ukangoja. Njaa haisomi stakabadhi. Viongozi wamekataza butura mara nyingi katika mkoa huu, wengine kwa ukali mkubwa, na mikutano ikapiga makofi; mwezi wa pili ulipofika watu wakauza maua. Katazo halilipi sare ya mtoto. Vyama vya msingi vikitaka kuiua butura kweli, visimame mwezi wa pili, wakati mkulima analia, visije mwezi wa saba tu wakati mkulima ana kahawa.

Na liko jambo jingine, nalo ni zito, nalisema nikiwa nimesimama karibu na mlango. (Kicheko) Miongoni mwa wanunuzi wa butura, wamo wenye kadi za chama kama zetu. Wengine hukaa viti vya mbele. Mtu hawezi asubuhi kuimba juu ya wanyonge na jioni kuwanunulia wanyonge maua yao. Matawi yaulizane jambo hili waziwazi kabla ya kuchagua viongozi. (Makofi ya muda mrefu)

Sasa nije nyumbani kabisa.

Katika nyumba zetu kahawa huitwa mali ya baba, na maharage na ndizi za chakula huitwa kazi ya mama. Kwa hiyo baba huuza maua peke yake, mama hajui. Huja kujua siku magunia yanapobebwa. Naye mama, kwa kuwa hapewi fedha za kahawa, hujiunga na wale wakopeshaji wanaoitwa kausha damu, baba hajui. Hivyo nyumba moja ina madeni mawili yaliyofichana, kila moja likidhani liko peke yake. Tuseme mama amekopa shilingi 100,000. Wamekata 10,000 ya fomu na mambo mengine, amepokea 90,000. Analipa 12,000 kila wiki kwa wiki kumi. Jumla ni 120,000. Akishindwa wiki moja, wenzake wa kikundi huja wakabeba sufuria na godoro, na waliobeba ni majirani zake aliokuwa akisali nao. Uadui huo hauishi deni linapokwisha.

Tena siku hizi deni limeingia katika simu. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandao yasiyo na leseni. Ukope kwa simu saa nne usiku, na ukichelewa wampigie mkweo simu kumwambia wewe ni mdaiwa! Ni fedheha tupu.

Basi dawa ni nini? Watu husema dawa ya deni kulipa. Kweli, lakini kulipa kwa kukopa tena si kulipa, ni kuhamisha mzigo kutoka bega hili kwenda bega lile.

Dawa huanza na daftari. Daftari la kawaida la mtoto wa shule latosha. Baba na mama wakae usiku mmoja watoto wakiwa wamelala, waandike madeni yote: ya dukani, ya butura, ya kikundi, ya simu, na lile la shemeji ambalo tunajifanya tumelisahau. Usiku huo ni mgumu. Nimefundisha watoto hesabu, nami nawaambieni kwamba kujumlisha si kazi ngumu; kazi ngumu ni kutaja namba ya kwanza mbele ya mkeo. Asiwepo wa kugomba. Anayegomba usiku huo atafanya mwenzake afiche tena, na daftari litakuwa la uwongo.

Ukurasa wa pili waandike miezi kumi na miwili, na kila mwezi fedha gani huingia na fedha gani hutoka. Nyumba yenye mshahara ina mwezi mmoja unaorudiwa mara kumi na mbili. Sisi hatuko hivyo. Maharage huvunwa mara mbili, mwanzo wa mwaka na katikati. Kahawa huja kuanzia mwezi wa tano na wa sita na kuendelea. Ndizi huja kidogo kidogo mwaka mzima, kama mnyauko haujaingia shambani. Shule hufungua mwezi wa kwanza. Mtaona wenyewe shimo liko wapi: kati ya Januari na Aprili. Butura haina uchawi, yaishi ndani ya shimo hilo. Ukilifukia, inakufa.

Namna ya kulifukia ni hii, turudi kwa ile nyumba yetu ya kilo 200. Mwaka huu imekwisha kuuza maua, haina la kufanya. Lakini kuanzia sasa itenge shilingi 2,000 kila wiki kutoka katika ndizi, iweke katika hisa za VICOBA. Kwa wiki 52 ni shilingi 104,000. Mwezi wa pili ujao shida ni ile ile ya laki mbili, lakini nusu ipo. Basi inaweka kilo 100 tu. Mavuno yakija, zile kilo 100 zilizookoka zitauzwa shilingi 300,000. Laki moja ilipe deni la dukani. Laki mbili ziwekwe kwa ajili ya mwezi wa pili unaofuata. Mwaka huo wa tatu mwenye pikipiki akija, mpeni maji ya kunywa, aende zake. (Makofi)

Mtaniuliza, hizo laki mbili zitakaaje miezi saba bila kuguswa? Hilo ndilo swali la mwenye akili. Kukaa na fedha ni kazi kuliko kuipata. Mwezi wa nane kuna harusi, kuna kadi za michango, kuna rubisi, na fedha husikia jina lake likiitwa. Basi nusu yake isikae kama fedha. Nunueni sare, viatu na madaftari wakati wa mavuno, wala msingoje Januari ambapo kila duka limepandisha bei. Nunueni yenye nafasi, maana mtoto hukua. (Kicheko) Serikali imeondoa ada ya shule za msingi na sekondari, kwa hiyo haya ya sare, vifaa na michango ya chakula ndiyo yanayowasukuma wazazi kwenye maua. Ile nusu nyingine iwekwe SACCOS kwa majina mawili, asiitoe mmoja pekee.

Kuhusu michango ya harusi nitasema kidogo nisije nikakosa kualikwa. Andikeni katika daftari kiasi cha mwaka mzima mtakachochangia. Kikiisha, semeni kimeisha. Misiba ni kitu kingine. Chama cha kufa na kuzikana kilipwe kabla ya yote, kwa sababu kifo kimeuza maua mengi kuliko pombe.

Na aliye na butura sasa hivi asingoje magunia. Aende kwa mdai wake mapema, pamoja na mkewe na mwenyekiti wa kitongoji, aombe deni liandikwe kwa shilingi wala si kwa kilo. Wengine watakataa. Lakini mnunuzi naye anajua kwamba biashara yake imekatazwa, na mbele ya mashahidi sauti yake hushuka. Waitu, kujaribu hakuna ada.

Vijana, akina mama na wenye ulemavu, ipo mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Yatolewa kwa vikundi vilivyoandikishwa. Nimeona vikundi vikikosa kwa sababu ya kutokuwa na katiba ya kurasa tatu. Kazi hiyo ndiyo niliyosomea, nami nitakaa hapa kesho kutwa tangu saa tatu asubuhi. Kikundi kisichokuwa na mwandishi kije, tutaandika pamoja. Njoni na majina kamili na namba za vitambulisho, na madaftari yenu kama mmekwisha kununua.

Sasa nasikiliza maswali. Naona mama yule wa nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja magunia. Karibu, mama, sema kwa sauti, na baba aliyekaa karibu nawe asikie.