Mkate wa Shangazi na Safari Zetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wetu, wazee wetu, mama zetu, ndugu wana-Bagamoyo wa Dunda, Magomeni, Kaole na Mlingotini, pamoja na nyinyi mliohamia Dar es Salaam mkadhani tumewasahau:

Katibu alituomba tuzungumze dakika kumi kuhusu biashara ya nyumba ya wageni. Tukamwambia biashara hiyo haina maneno mengi: maji yakikatika, mgeni anakasirika. Tukaomba badala yake tuseme juu ya mambo tunayoyapenda, yaani kula vizuri, kusafiri, na kutazama ngoma na taarab. Akacheka, akakubali.

Sisi, mume na mke, tuna vyumba 8 karibu na Mji Mkongwe. Masika yakianza wageni hupungua. Basi tunamwachia mdogo wetu funguo, tunaondoka. Wapo wanaosema tunachezea fedha, na huenda ni kweli. Lakini anayelaza wageni bila yeye kulala ugenini hajui mto mbovu unavyouma shingo.

Zanzibar tumekwenda mara nyingi, maana ni kupanda boti tu. Jioni tunakunywa urojo Forodhani, kisha tunakwenda kusikiliza mazoezi ya Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905. Mazoezi yanatupendeza kuliko onyesho lenyewe. Usiku mmoja wimbo ulisimamishwa mara tatu kwa sababu kanuni na fidla hazikupatana. Hakuna aliyenuna. Wakaanza tena mwanzo, na sisi tukabaki hapo mpaka usingizi ukatushinda.

Mwaka mwingine tukapita Msata, Segera na Tanga, tukavuka mpaka hadi Mombasa. Hoteli tuliyofikia hatutaitaja. Asubuhi tukaletewa slesi za mkate, yai la kukaanga na chai ya maji vuguvugu. Hatua chache nje ya mlango wake, mama mmoja alikuwa akiuza mahamri na mbaazi za nazi. Tukaliacha lile yai, tukaenda kukaa kwenye benchi lake. Tulipokwisha kula sahani ya pili, mmoja wetu akauliza: "Na sisi je, wageni wetu tunawapa nini asubuhi?"

Slesi. Slesi na yai. Hatukusemeshana mpaka tumevuka kivuko cha Likoni.

Tuliporudi tulimwendea shangazi yetu, ambaye wengi wenu mmekula kwake kwenye maulidi na harusi. Akaja jikoni kwetu na mbuzi yake ya kukunia nazi na kifumbu chake, akisema vya kwetu havifai. Muhogo aliuchemsha kwa tui jepesi, lile zito akalitia mwishoni, akikoroga bila kuondoka ili lisikatike. Na alipika mkate wa kumimina: mchele ulioloweshwa usiku kucha, ukasagwa na nazi, ukatiwa hamira na iliki, ukaokwa kwa makaa juu na chini. Wageni waliokuja kulala siku moja wakaanza kulala mbili. Kuna waliopiga simu kuuliza kwanza kama bibi wa mkate yupo, ndipo wakauliza kama kuna chumba.

Hatukuandika kitu. Hakuwa na kikombe cha kupimia. Kipimo chake kilikuwa kiganja, na kiganja kile kilikuwa hapo kila siku.

Masika yaliyopita tulikuwa Lamu. Mji ule, uliomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, mtu anaweza kutembea kutwa akitazama nakshi za milango tu. Tulikuwa tumekaa barazani tunakula mkate wa sinia, tukibishana kama ndio huo huo wa kumimina wa shangazi au ni binamu yake, simu ikalia. Shangazi alikuwa amefariki alfajiri ile. Kutoka Lamu huwezi kuwahi maziko ya siku hiyo hiyo. Hatukumzika.

Baada ya arobaini tukajaribu mkate. Wa kwanza ulitoka kama tofali. Wa pili ulichachuka. Mgeni mmoja aliula wote kwa adabu, na hilo lilituumiza zaidi.

Tukakumbuka jambo jingine. Wengi wetu hapa tumekua tukisikia ngoma za Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa. Tamasha lake lipo tangu 1982. Hukwe Zawose, yule Mgogo wa marimba na zeze aliyesikilizwa mpaka Ulaya, aliishi pale pale kwetu. Wageni hutuuliza: "Mlimsikia?" Tulimsalimia njiani miaka na miaka. Kukaa chini tukamsikiliza wimbo mzima, hapana, tulikuwa tunaosha vyombo. Alifariki mwaka 2003. Siku hizi wakati wa tamasha tunapokezana: mmoja kaunta, mmoja ukumbini.

Mradi wa chama mwaka huu ni jiko la mafunzo kwa mabinti waliomaliza shule, lenye kibaraza cha kuchezea ngoma jioni. Msituone wanafiki: sisi tutafaidika, maana tunahitaji wapishi. Na wao wanahitaji kazi isiyowalazimu kupanda basi kwenda kufua nguo za watu Dar. Kule Mlingotini tumempata mama mmoja aliyepika bega kwa bega na shangazi. Amekubali kufundisha. Macho yake yanafifia, na ameshatuambia hatangojea tubishane juu ya ramani ya jengo. Anataka mbuzi kumi, sufuria kubwa, mkaa, na mtu wa kuandika.

Mbuzi mbili tumezinunua sisi, na ile ya shangazi tumeitoa. Zimebaki saba. Karatasi za ahadi ziko kwenye meza ya mlangoni kwa Mweka Hazina. Muhogo wa nazi uko jikoni, umepikwa na mama huyo mwenyewe tangu saa tisa. Mkate wa kumimina upo pia, lakini ni sinia mbili tu, kwa hiyo wazee watangulie.