Chini ya Kigae: Tabaka za Sakafu na Hewa ya Ndani katika Nyumba za Mariakani



Mnunuzi wa nyumba hutazama kigae. Fundi anajua kwamba chini ya kigae kuna niru, chini ya niru kuna zege, kisha karatasi ya nailoni, mchanga, maramu na hadikoo. Nimeulizwa kama vitu hivi vilivyofichika vinatimiza viwango vya majengo ya kijani kuhusu hewa ya ndani. Kwa nyumba nyingi za Mariakani, mawe na zege havina tatizo. Mashaka yangu yapo kwenye vile tunavyopaka na kunyunyiza katikati ya tabaka hizo, ambavyo cheti mara nyingi hakiviulizi.

EDGE, mfumo wa vyeti vya majengo ya kijani wa shirika la IFC la Benki ya Dunia unaotumika sana Kenya, hudai jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya kaboni itokanayo na utengenezaji wa vifaa. Hewa anayovuta mtoto anayetambaa sakafuni haimo katika hesabu hiyo. LEED ya Marekani huiuliza, ila kwa namna yake. Katika toleo la 4.1, mawe, vigae vya udongo na zege huhesabiwa kuwa havitoi mvuke wa kemikali kwa asili yake, hivyo havidaiwi kipimo. Tabaka la chini halihesabiwi pamoja na sakafu. Likiwa la plaiwudi au chipubodi, huhamishiwa kundi la mbao za kugandishwa kwa gundi, na huko ndiko inakoulizwa habari ya fomaldehaidi. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, iliiweka gesi hii kati ya visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004.

Kwa hiyo jiwe la Mazeras, linalochongwa hapa jirani na kupakiwa malori hadi Nairobi, limefaulu kabla ya mtihani. Mteja anayeacha jiwe hilo na kuagiza sakafu ya MDF kutoka ng'ambo ili nyumba yake iitwe ya kijani, mimi simwelewi.

Mbao za gundi kama hiyo MDF zina viwango vyake. California iliweka kikomo, na Marekani nzima ikakifuata: sehemu 0.05 za fomaldehaidi kwa kila milioni ya hewa kwa plaiwudi ya mbao ngumu, 0.09 kwa chipubodi, 0.11 kwa MDF. Kipimo hufanyika katika chumba cha maabara chenye joto la nyuzi 25 na unyevunyevu wa asilimia 50. Nani kati yetu amelala kwenye hali ya hewa kama hiyo mwezi wa Machi? Gundi ya urea na fomaldehaidi huvunjika kwa joto na unyevu, na pwani tuna vyote viwili. Ubao uliopasi kihalali maabara unaweza kutoa gesi zaidi ukishalazwa huku, madirisha yakafungwa kwa ajili ya mbu.

Zege lenyewe halitoi mvuke wa kemikali, lakini huhifadhi maji. Sweden walilipata somo hili miaka mingi iliyopita: mikeka ya PVC ilibandikwa juu ya zege bichi, na unyevu wenye alkali ukaichambua gundi na vilainishi vya plastiki, ikatoka harufu ya kemikali iitwayo 2-ethilihekisanoli. Gundi na mkeka vilikuwa vizuri vyote. Kosa lilikuwa haraka. Huku kwetu karatasi ya nailoni hutobolewa na hadikoo au magurudumu ya mikokoteni, kisha watu hushangaa sakafu inatoa ukungu. Kabla ya kubandika chochote, funika kipande cha zege kwa nailoni safi, ziba kingo zote kwa selotepu, uiache usiku kucha. Ukikuta matone, subiri.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni dawa ya mchwa, inayonyunyizwa kwenye maramu kabla ya kumwaga zege. Aldrini na dieldrini, zilizotumika zamani, zilikuwa kati ya kemikali 12 za kwanza kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001, unaozuia kemikali za sumu zinazodumu. Marekani, klordeni, dawa nyingine ya mchwa, ilipatikana katika hewa ya nyumba za wanajeshi wa anga zilizotibiwa chini ya sakafu, na mwaka 1988 ikakomeshwa kwa kazi hiyo. Klopirifosi, iliyoshika nafasi ya dawa hizo kwingi, iliongezwa kwenye mkataba huo Mei 2025, ingawa pamoja na misamaha. Mvuke wa dawa hizi hupanda kupitia nyufa na pale mabomba yanapotoboa zege. Hata hivyo, kwenye makadirio ya kazi utakuta mstari mmoja tu: dawa ya mchwa, bei hii. Napendekeza mstari huo utaje jina la kemikali na kiasi chake, na mwenye nyumba apewe nakala.

Njia isiyo na dawa ipo. Hawaii na Australia hutandaza chini ya zege kokoto zilizochekechwa hadi milimita chache, kubwa mno kwa mchwa kuzibeba na zilizobanana mno kwake kupenya. Mchwa wa huku ni wa aina nyingine, kwa hiyo vipimo vyao hatuwezi kuviazima. Itabidi tuchekeche kokoto zetu na kuzijaribu kando ya vichuguu vyetu kabla ya kumwambia mteja aache dawa.