Muguka Upimwe

Msikilizaji, habari umeshaisikia. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga muguka marufuku, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, Ikulu ikasema marufuku hiyo haina nguvu, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha. Kinachotukera sisi ni kwamba katika kelele zote hizo hatukumsikia kiongozi hata mmoja akitaja kipimo cha nguvu ya jani hilo.

Mtaalamu wa mimea atakwambia muguka na miraa ni mmea mmoja. Mlaji atakwambia si kitu kimoja. Miraa ya Igembe, kule Meru, hufungwa vibunda kwa majani ya mgomba, na mlaji huchuna gome la kijiti. Muguka wa Mbeere, kule Embu, hutoka kwenye kichaka kifupi cha eneo kame. Jani lake laini hutafunwa lenyewe. Kinachochangamsha ni kathinoni, ambayo hujaa katika majani machanga. Jani likikauka, inageuka kathini, iliyo dhaifu zaidi. Ndiyo maana ya yale majani ya mgomba. Ndiyo maana ya magari yale yanayoyabeba mbio usiku na mchana. Katika nguvu hiyo mche una sehemu yake, udongo una sehemu yake, mvua na umri wa jani vilevile.

Sasa muguka uliochumwa Siakago, Mbeere, alfajiri unafika soko la Kongowea, Mombasa, na nguvu kiasi gani? Upimwe. Kama unaishinda miraa kwa nguvu, upimwe, mzazi wa Likoni, Mombasa, ajue. Kama ulinyunyiziwa dawa ya wadudu juzi, upimwe, kwa sababu jani hili halipikwi. Kanuni za zao la miraa za mwaka 2023 zimeweka miraa na muguka kapu moja, na kapu si kipimo.

Kahawa yetu huonjwa na kupangwa madaraja kabla ya mnada. Jani hili je? Juni 2014 Uingereza ilifunga soko la miraa, kinyume na ushauri wa baraza lake la wataalamu, na mji wa Maua, Meru, ukalia. Miaka kumi baadaye tulilia tena, mikono mitupu.

Magavana wa Meru na Embu, amkeni! Magavana wa Pwani, nanyi pia! Mkulima wa Kiritiri kule Mbeere, dai kipimo. Ni riziki yako. Mzazi wa Mombasa, dai kipimo, ni mwanao. Majani yachumwe Siakago, Kiritiri na Kangeta ya Igembe, masika na kiangazi, yapelekwe maabara, na matokeo yasomwe hapa hewani, yatupendeze yasitupendeze.