Chandarua Kikichakaa: Kulinganisha Madhara ya Vyandarua Vyenye Dawa kwa Mazingira ya Shinyanga na Geita



Mkoa wa Shinyanga umewahi kulipia vita dhidi ya mdudu. Katika miaka ya 1920 na 1930, chini ya mtafiti wa mbung'o C.F.M. Swynnerton, vichaka na misitu vilifyekwa ili mbung'o akose kivuli. Mbung'o alirudi nyuma, pamba na mifugo vikaongezeka, ardhi ikachakaa, hata mwaka 1986 ikabidi Serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ili ngitili, yaani malisho yanayotengwa yapumzike, zirejee. Ndiyo maana swali la kinachobaki ardhini baada ya kupambana na mbu lina haki ya kuulizwa hapa kuliko mahali pengi.

Msimamo wangu nautaja mapema: chandarua chenye dawa ni cha lazima. Katika wilaya jirani ya Misungwi, watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa (NIMR), wa KCMC na wenzao wa London walilinganisha aina nne za vyandarua. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba chandarua kilichochanganywa klofenapiri na dawa ya jamii ya pairethroidi kilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, kikilinganishwa na cha pairethroidi pekee. Mbu wetu wameshaizoea pairethroidi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likakipendekeza chandarua hicho.

Lakini klofenapiri hiyohiyo ilikataliwa Marekani mwaka 2000 isipuliziwe kwenye pamba, kwa kuwa inaharibu uzazi wa ndege. Mkulima wa pamba wa Kishapu, Shinyanga, akilisikia hilo atashtuka, na anastahili jibu. Shambani dawa hutua kwenye majani na wadudu wanaoliwa na ndege. Kwenye chandarua imegandishwa kwenye uzi, ndani ya nyumba: miligramu 200 za klofenapiri na 100 za alfa-sayipametrini kwa mita moja ya mraba. Chandarua cha mita za mraba 15 hubeba gramu nne na nusu tu. Chandarua cha polithilini chenye pametrini, kama Olyset, hubeba gramu 20 kwa kila kilo ya chandarua, yaani dawa nyingi zaidi, ila alfa-sayipametrini ni kali zaidi gramu kwa gramu. Zote mbili huua samaki. Kwa hiyo kuhesabu gramu peke yake hakutupi mshindi.

Kinachoamua ni mambo mawili: maji na muda.

Maji kwanza. Chandarua kikifuliwa kwenye beseni uani, na maji yakamwagwa kwenye udongo mbali na kisima, dawa hushikwa na udongo na kuoza polepole. Kikifuliwa lamboni, au chandarua kikuukuu kikageuzwa kokoro la dagaa kule Nkome, Geita, dawa inaingia moja kwa moja kwa viumbe wa majini. Geita ina mzigo wa ziada: zebaki na sayanidi za uchenjuaji wa dhahabu tayari zinatishia vijito vyake.

Kuhusu muda, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia vyandarua vya chapa tatu katika nyumba za Watanzania. Olyset ilifaa kwa miaka 2.0, PermaNet 2.5, NetProtect 2.6, ilhali vyote hutarajiwa kudumu mitatu. Kwa miaka kumi, kitanda kimoja kitatumia vyandarua vitano vya aina ya kwanza, na visivyozidi vinne vya aina ya mwisho. Plastiki, usafirishaji, mifuko na taka vinafuata hesabu hiyo. Kwenye kambi za wachimbaji wadogo, chandarua kinafungwa kwenye miti mibichi chini ya turubai, kinakwaruzwa na chepeo na magunia ya mawe, kinachanika mapema zaidi. Uzi imara hapo ni hifadhi ya mazingira.

Naziomba halmashauri za Shinyanga na Geita mambo matatu. Zabuni zipime uimara wa uzi pamoja na nguvu ya dawa. Vyandarua viletwe kwenye marobota, bila mfuko wa plastiki kwa kila kimoja. Na vile vilivyochakaa vikusanywe baada tu ya kaya kupewa vipya, visichomwe uani wala kutupwa kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyojaa maji. Vizikwe mbali na vyanzo vya maji. Hadi kipya kifike, kila mtu aendelee kulala ndani ya kile alicho nacho.