Mhasibu Nyuma ya Mwalimu Mkuu

Kenya imeweka mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Fedha hizo zikichelewa, na huchelewa mara nyingi, anayetafutwa kwanza ni mhasibu wa shule: muuza mahindi anadai, umeme unakaribia kukatwa, wakaguzi wanataka vitabu vya hesabu.

Mwalimu mkuu alisomea ualimu, si uhasibu.

Mhasibu, karani na mtunza stoo ndio wanaompa nafasi ya kufuatilia masomo. Ajabu ni kwamba wengi wao huajiriwa na bodi ya shule, si Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Mgao ukikwama, mishahara yao hukwama pia, huku ya walimu wa TSC ikiingia. Wizara ya Elimu iwatengee fungu lao.