MUME NA MKE WAGENI MJINI
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ilituagiza tueleze habari za vijana wetu waliooana karibuni, wakatoka nyumbani Vihiga kuja kukaa Nairobi: wanaishije, wana taabu gani, na chama kina wajibu gani kwao. Tuliwatembelea baadhi yao katika mitaa ya Pipeline, Kayole na Kawangware, na haya tutakayoyasema ni yale tuliyoyaona na kuyasikia kwa masikio yetu.

Wazee walio hapa wanajua kwamba mji huu haukujengwa kwa ajili ya mume na mke. Ulianza mwaka 1899 kuwa kambi ya reli, na kwa miaka mingi Mwafrika aliitwa mjini kwa sababu ya mikono yake, si kwa sababu ya nyumba yake. Wanaume walipanga vitanda katika vyumba vya Pumwani, na wake zao wakabaki kulima nyumbani. Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Bw. F. W. Carpenter ilikiri kwamba mshahara ulikuwa umepimwa kwa mtu mseja, ikashauri uongezwe hatua kwa hatua mpaka uweze kutunza jamaa. Katika hali kama hiyo ndipo vyama vya namna ya chama chetu vilipozaliwa. Kazi yake ilikuwa kumzika aliyefia ugenini, kumrudisha mgonjwa kwao, na kumpa mgeni mahali pa kulala.

Lakini nyakati zimebadilika. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilikuta watu 509,286 katika Nairobi. Ile ya mwaka 2019 ilikuta 4,397,073. Siku hizi kijana hamwachi mkewe nyumbani kumi na miwili ya mwaka. Wanapanda basi pamoja, wakiwa na godoro moja, sufuria mbili na gunia la mahindi. Nasi twasema hilo ni jambo jema, kwa maana ndoa ya barua, au ya simu, haina nguvu.

Tutazame kwanza mfuko wao. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 ilimwekea kibarua wa Nairobi kima cha chini cha Sh. 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Na tujue kwamba wako wengi wasiopata hata hicho. Yakisha kutolewa makato ya afya, ya nyumba na ya akiba ya uzeeni, hubaki kama Sh. 14,460. Tuseme chumba chao kimoja ni Sh. 5,000, na wazazi nyumbani wanatumiwa Sh. 2,000. Mume na mke hubaki na Sh. 250 hivi kwa siku, na ndani ya hizo kuna unga, mboga, maji, stima, mafuta ya kupikia, sabuni na nauli. Ndiyo sababu vijana wengi wa Pipeline huenda viwandani kwa miguu alfajiri, na jioni hurudi kwa miguu.

Tena mwezi wa kwanza ni mgumu kuliko yote. Mwenye nyumba hutaka kodi ya mwezi pamoja na dipoziti ya mwezi mwingine kabla hajatoa ufunguo. Kijana asiye na Sh. 10,000 mkononi hukopa. Hukopa kwa simu, kwa faida kubwa, na deni hilo huingia chumbani pamoja na bibi arusi.

Sasa tutazame siku yao ilivyo. Mume huamka saa kumi na moja alfajiri, hurudi saa mbili usiku. Mke hubaki katika chumba cha ghorofa ya sita. Ngazi zina giza hata mchana. Maji ya mfereji huja siku fulani tu, na siku nyingine hununuliwa kwa mtungi wa lita 20 na kupandishwa kwa mikono. Kamba za nguo ziko juu ya paa, na asiyelinda nguo zake huenda asizikute. Milango imetazamana, lakini majirani hawajuani majina. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, maana huonekana upesi. Mjini sivyo: mgeni hupotea machoni pa watu kama tone la mvua katika ziwa.

Ndugu zetu, tukumbuke jinsi mke mgeni anavyopokewa kwetu. Mama mkwe humwonyesha chemchemi na njia ya kuiendea. Wifi huenda naye sokoni, Mbale au Chavakali, akamwonyesha muuza chumvi asiyepunja. Kabla ya mwezi kuandama mara ya pili amekwisha kujua nani ni nani. Hakuna anayeona kwamba amefanya kazi kubwa, kwa kuwa ni desturi tu. Desturi hiyo hatukuipakia katika basi tulipokuja Nairobi.

Tutatoa mfano mmoja bila kutaja jina. Mwaka huu zilitufikia habari za binti mmoja aliyemwacha mumewe Pipeline, akarudi kwao baada ya miezi minane. Nyumbani ilisemwa kwamba amekataa taabu za mji, na wengine walisema maneno mabaya zaidi. Halmashauri iliwatuma akina mama wawili kwenda kumwona. Hawakukuta mvivu. Walikuta mtu aliyekaa miezi minane bila kuzungumza mchana na mtu yeyote, isipokuwa mwuza maji. Mara moja alitoka kutafuta soko, akapotea saa tatu nzima, kwa sababu majengo yote yanafanana. Tangu siku hiyo aliogopa kushuka. Mume alipochelewa kazini alidhani amekufa, au amepata mwingine. Akina mama walipomwuliza alichokosa ni nini, wakitazamia aseme fedha au chakula, alijibu maneno manne tu: "Nilikosa mtu wa kumwuliza."

Na jambo lililotusikitisha ni hili. Jengo la pili kutoka lile lao anakaa mama mmoja wa chama hiki, mtu wa kwao hasa, auzaye mboga mlangoni pake kila siku. Miezi minane yote, mama huyo hakujua kwamba yuko binti wa kwao hatua mia moja kutoka kwake. Daftari yetu haikumjua kijana yule, kwa kuwa kanuni zetu humwandika mtu akisha kulipa ada, naye ada hakuwa nayo.

Mtakaposomewa hesabu, sikilizeni vifungu vyake. Mtasikia jeneza, gari la kwenda nyumbani, turubai, chakula cha waombolezaji. Hatusemi mambo hayo yaachwe. Kumpeleka maiti wetu kwao kwa heshima ni ahadi tuliyorithi, na chama kitakachoivunja hakitastahili kuitwa chama. Lakini hamtasikia kifungu hata kimoja cha kumpokea aliye hai. Je, yafaa mtu ajulikane kwetu mara ya kwanza siku ya kumzika?

Tunajua wazee wengine wana neno, na neno lao lina haki yake. Wanasema vijana hawalipi michango, hawaji mikutanoni, na wakisaidiwa hawaonekani tena. Ni kweli wako wa namna hiyo. Lakini kijana ambaye hakuna aliyegonga mlango wake atakuja mkutanoni kumtafuta nani? Wahenga walisema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi twataka jembe, na zile siku mbili hatujazitoa.

Kwa hiyo Halmashauri inaleta hoja yenye sehemu nne, nayo tunawaomba mwijadili leo.

Kwanza, kila mwanachama apatapo habari ya mume na mke wageni wa kwetu ampashe Karani katika mwezi ule ule, wakiwa wamelipa ada au hawajalipa.

Pili, katika kila mtaa wachaguliwe mzee mmoja na mama mmoja wa kuwatembelea. Mama amwonyeshe mke soko, zahanati, kisima cha maji na njia ya kurudi. Jambo hili halitagharimu chama hata senti.

Tatu, itengwe sehemu ndogo ya mfuko iwe mkopo wa dipoziti bila faida, ulipwe kwa miezi sita, nayo hundi iandikwe kwa jina la mwenye nyumba, isiwe fedha mkononi.

Nne, mke aandikwe katika daftari kwa jina lake mwenyewe, si kama mzigo wa mumewe.

Kwenu vijana tuna maneno machache. Mume asimfiche mkewe mshahara wake, maana asiyejua kilichopo hawezi kukitunza. Andikeni matumizi katika kitabu kila jioni, wote wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa za kimila nazo ziandikishwe. Msiliahirishe jambo hilo mpaka siku ya magomvi. Tangu 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imeshika mahali pa NHIF. Kila mume ahakikishe jina la mkewe limo kabla mimba haijawa kubwa. Tena mke akitaka kuuza mandazi au mboga, asizuiliwe kwa kiburi. Kazi ndogo humletea fedha, na tena humletea majirani.

Kwenu wazazi, twaomba kwa heshima: msidai fedha kwa vijana hawa katika miezi mitatu ya kwanza. Mche hauchumwi matunda wiki ulipopandwa.

Binti tuliyemtaja amerudi kwa mumewe tangu mwezi uliopita. Asubuhi huenda kumsaidia yule mama wa mboga kupanga sukuma na murere. Hali yao ya fedha bado ni ile ile, na chumba ni kile kile.

Hoja iko mbele yenu, wazee wetu. Uamuzi ni wenu.