Sadaka na Shauri la Wenyeji

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sadaka ni amana. Mtoaji huikabidhi kamati ili imfikie mwenye haja. Lakini mwenye haja hasa ni nani, jirani hulijua hilo kuliko katibu aliye mbali.

Qur'ani Tukufu, Sura ya Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu 8 ya wastahiki wa Zaka, na hapana wa kuyabadili. Ama sadaka za hiari, kwamba kianze kisima au karo ya yatima, hayo ni ya mashauriano. Na Sura ya Shura, aya ya 38, imewasifu waumini washaurianao katika mambo yao. Seyyidna Umar alipopata shamba Khaybar, lililokuwa mali yake mwenyewe, alimwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri kabla ya kuliweka wakfu. Ikiwa mwenye mali alitaka shauri, sembuse mshika mali ya watu?

Mwaka 1945 iliundwa Mombasa East African Muslim Welfare Society, iliyojenga misikiti na shule. Kwa kila shilingi waliyochanga Waislamu, Aga Khan wa Tatu aliongeza shilingi. Aliyechanga chake hakuwa mpokeaji tu. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, ikaua watu na kubomoa nyumba. Katika msiba kama huo, orodha ya msaada haifai kuandikwa mezani tu. Aliyepotewa na godoro na chungu anajulikana na majirani zake.

Basi yapasa mambo matatu. Kwanza, kabla ya kugawa, watu wa kila kijiji wasikizwe, na kina mama wasiachwe nyuma, kwani wao ndio wajuao ni jiko lipi halikuwashwa jana. Pili, mjumbe wa kamati asiamue haja ya jamaa yake. Tatu, hesabu isomwe hadharani baada ya Sala ya Ijumaa: kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Lakini majina ya wapokeaji yasisomwe, kwani maskini naye ana heshima yake, na kumsitiri ni katika sadaka.

Mwenyezi Mungu azitakabali sadaka za watoaji, awape wagawaji uadilifu, na awaondolee wenye dhiki dhiki zao. Amin.